Sajenti Aliyerudisha Kuku

Nianze na kuku. Ukiwauliza watu wengine wa Tunduma habari za Sajenti, watakuanzia na viatu vyake, vilivyong'aa hata masika barabara ikiwa tope tupu, au na sauti yake, ambayo ilimfikia dereva wa lori la mwisho kwenye foleni ya mpakani. Mimi naanza na kuku kwa sababu kila mwaka baada ya mavuno baba yangu alimpelekea kuku mmoja wa kienyeji, mnono, kafungwa miguu kwa kamba ya katani, na kila mwaka kuku huyo alirudi nyumbani akiwa hai. Mwaka mmoja alirudi na mayai manne kwenye kikapu. Alikuwa ametaga akiwa kwa Sajenti, naye Sajenti hata mayai hakuyataka.

Kuku alikuwa wa shukrani. Nilipokuwa na miaka sita nilipotea, na Sajenti ndiye aliyenirudisha. Kwa nini alikataa shukrani yetu wakati kwa watu wengine alipokea ndizi, mahindi mabichi, hata kikapu cha parachichi kutoka Ileje, hilo lilitusumbua sana. Baba alisema ni mambo ya dini, kwamba Sajenti ni Muislamu na sisi ni watu wa kanisani, ndiyo maana akawa anampelekea kuku mzima ili akachinje mwenyewe. Mama alimpokea kuku aliyerudi, akamfungua miguu, akamwacha aende zake uani.

Habari ya kupotea kwangu ilisimuliwa nyumbani mpaka ikachakaa. Ilikuwa miaka ya tisini, mama kanichukua sokoni, mpakani pamejaa watu kama kawaida. Kaniachia mkono ili apokee chenji, na mimi nikamfuata mtu aliyebeba mabeseni ya rangi kichwani. Nikavuka naye mpaka bila kujua kwamba ni mpaka. Mama mmoja wa Kibemba, mfanyabiashara wa vitenge, aliniona nalia upande wa Nakonde, kule Zambia, akanichukua kwake. Nikalala huko siku mbili. Siku ya tatu Sajenti, akiwa kaunta anaandika shauri la watu wengine kabisa, alisimama ghafla, akaacha kalamu juu ya kitabu, akatoka mbio kuelekea Zambia bila kofia. Alirudi nimekaa mabegani mwake, nakula muwa.

"Bila kofia!" baba alikuwa akirudia, akipiga goti lake. "Askari bila kofia ni sawa na mchungaji bila suruali. Mungu alimnong'oneza yule mtu."

Kulikuwa na sehemu ambayo baba aliiruka kila mara. Siku ya pili asubuhi mtu alimwambia mama kwamba mtoto wa kike ameonekana juu ya lori la mahindi lililoelekea Ndalambo. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Akaondoka, sehemu kubwa kwa miguu, akiuliza kila nyumba iliyo kando ya barabara. Mimi niliporudishwa nyumbani yeye hakuwepo. Alirejea baada ya wiki, na tumbo halipo. Mtoto alikuwa wa kiume, amezikwa Ndalambo kwa shangazi. Mama hakuwahi kumlaumu mtu yeyote kwa hilo zaidi ya mkono wake mwenyewe, ule ulioniachia. Nimemwona mara nyingi akiutazama akiwa anaosha vyombo, na sikupenda kuwa chumba kimoja naye wakati huo.

Basi nikakua nikijua kwamba nina deni la uhai kwa mtu mmoja mwenye viatu vinavyong'aa. Nilipofungua kibanda changu cha fotokopi na picha jirani na kituo, akawa mteja wangu mkubwa. Akija na picha ya mtu aliyepotea, nilisimamisha kazi zote. Mara nyingi ilikuwa picha ya kipaimara au ya harusi ya mtu mwingine, na mtu anayetafutwa yuko pembeni, nusu uso. "Mkuze huyu," alisema, akiweka kidole. "Wengine wote waondoe, hawajapotea."

Nilijifunza kazi yake kwa kumsikiliza akiwahoji watu kwenye benchi langu, maana kaunta ilikuwa na kelele. Watu walikuwa na imani, sijui waliitoa wapi, kwamba mtu haripotiwi mpaka zipite saa ishirini na nne. Walikuja siku ya pili, wameoga, wamevaa vizuri, kama watu wanaokwenda kuomba kibali. Sajenti alikuwa anawaka.

"Kapotea lini?"

"Jana mchana, Afande."

"Na jana mchana mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunasubiri saa zitimie, Afande."

"Zitimie za nini? Mnaivisha ndizi?" Kisha, akiwa bado anafoka, tayari anaandika. "Saa ya kwanza ni yangu. Ya pili ni ya barabara. Nyie mmeipa barabara siku nzima. Kavaa nini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza siku zote. Kavaa nini. Umri ulifuata, jina lilifuata, hata pole ilifuata. Mzazi asiyejua mtoto wake kavaa nini alimwona Sajenti akibadilika rangi. Nilimshuhudia akimliza baba mmoja wa watu kutoka Igamba kwa swali hilo, mwanamume mzima mwenye mvi, halafu akakaa naye chini kwenye sakafu yangu ya saruji nusu saa, bega kwa bega, wakikumbuka pamoja kifungo kimoja kimoja mpaka shati la mtoto likakamilika.

Akishamaliza kuandika, hakuenda mbali. Alianzia nyumbani kwa mwenye taarifa. Aliinama uvunguni, akafunua magunia ya mahindi, akachungulia nyuma ya mlango wa jiko. Wenye nyumba walichukia, waliona kama wanashukiwa. Yeye alisema watoto watatu aliwapata wamelala usingizi ndani ya nyumba zao wenyewe, wakati kijiji kizima kiko porini kinapiga madebe. Baada ya hapo msikitini, kanisani, popote penye kipaza sauti. Kisha stendi. Kisha malori, moja baada ya moja, na madereva walimjua wakafungua mabodi bila ubishi. Na siku hiyohiyo alivuka kwenda kuwaambia wenzake wa upande wa pili. Hilo la kuvuka hakumwachia mtu.

Wazee waliopotelewa na kumbukumbu aliwatafuta kwa namna nyingine. Kuna babu wa Igamba alitoweka shambani, wanawe wakazunguka mashamba ya kahawa siku nzima. Sajenti aliwauliza kitu kimoja tu: "Ujanani alikuwa anafanya kazi wapi?" Wakasema alikuwa kwenye migodi ya shaba, Kopabeti ya Zambia, enzi hizo. Sajenti akavuka moja kwa moja mpaka stendi ya Nakonde, na babu yuko pale kwenye benchi, kajifunga koti, anasubiri basi la kumrudisha zamu. Wanawe walitaka kumburura. Sajenti aliwazuia, akakaa karibu naye, akamwambia kwa heshima zote, "Shikamoo mzee. Leo zamu yenu imeahirishwa." Babu akashukuru kwa taarifa, akanyanyuka mwenyewe. Na kitabuni hakukubali mtu kama huyo aandikwe "kichaa" au "amechanganyikiwa". Aliandika: "Ana safari yake."

Sasa mtu huyu, mtafutaji wa wote, alikuwa akipotea mwenyewe. Sisemi kwa utani. Miaka yote aliyokaa Tunduma hakuwahi kushika njia za mji. Akitoka kwangu alitakiwa kukata kulia kwenda kituoni, yeye alikata kushoto, akatokea machinjioni, akarudi amekasirika kama vile mji umehamishwa. Watoto walimngojea pale kona wakicheka. Nilikuwa nikimwelekeza kwa kidole bila kunyanyua macho kwenye mashine. Binti yake, ambaye tulisoma naye, aliwahi kuniambia jambo lililonikaa. "Baba anajua nguo za watoto wote wa wilaya hii. Muulize mimi jana nilivaa nini." Nikamuuliza Sajenti siku moja, kwa mzaha. Jioni ile nilimwona akimnunulia binti yule gauni, akilitazama sana kana kwamba analiandika.

Halafu kuna majina. Kwetu Wanamwanga ukoo mmoja una jina la wanaume na jina la wanawake. Baba ni Simwinga. Mimi binti yake ni Namwinga. Kaka akiwa Simbeye, dada yake ni Nambeye. Damu ni ileile, lakini mgeni akisikia anadhani ni watu wasiojuana. Walimu waliotoka mbali walituandika wote kwa jina la baba kujipunguzia kazi, na vyeti vyangu mpaka leo vinasema Simwinga, utadhani mimi ni mwanamume. Bibi yangu hakuupenda mchezo huo. Alinikalisha tangu mdogo: "Ukiulizwa wewe nani, sema Namwinga. Hilo la ubatizo ni la kanisani."

Sajenti alikuwa Mrangi wa Kondoa, na katika wageni wote ni yeye pekee ambaye hakukosea kamwe. Mimi kila mtu alikuwa ananiita Mama Fotokopi. Yeye alisimama mlangoni akaita, "Namwinga!" kwa sauti ile yake, akitamka kila herufi. Askari wapya walipofika aliwapanga mstari nje ya kituo, nami nikasikiliza nikicheka.

"Simbeye, dada yake nani?"

"Nambeye, Afande!"

"Sikamba?"

"Nakamba, Afande!"

Kama watoto wa darasa la pili wanavyoimba jedwali. Nilidhani ni heshima yake kwa wenyeji, na nilimpenda kwa hilo.

Baba alipofariki, kazi ya kupeleka kuku ikawa yangu. Sajenti alikuwa amestaafu, hakurudi Kondoa, amejenga nyumba ndogo pembeni mwa mji ambayo kuifikia ilimpa tabu kila siku. Kuku akaendelea kurudi.

Mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, yaani kama mwaka elfu mbili na kumi na nne hivi, alikuja kibandani mchana, jua kali. Viatu vinang'aa. Mkononi ana daftari la jalada gumu ambalo nilikuwa nikiliona miaka yote mfukoni mwake, la kwake binafsi, siyo la serikali.

"Namwinga, nitolee kopi. Kurasa zote. Kuna askari binti kaletwa dawati la watoto, ana moyo wa kazi. Nataka nimpe."

Nikaanza. Ukurasa wa nne au wa tano akaweka kiganja juu ya kioo cha mashine.

"Huu usome kwanza."

Niliusoma. Juu palikuwa pameandikwa: "Mtoto wa kike, miaka 6, wa Simwinga. Kapotea sokoni." Mstari wa pili: "Kavaa nini." Mbele yake hapakuwa na kitu. Chini, kwa haraka: "Saa kumi, siku hiyohiyo. Mama wa Kibemba kaja, anasema anaye mtoto anaitwa Namwinga. Wetu ni Simwinga. Si huyu. Nimemrudisha."

Nikausoma tena.

"Siku hiyohiyo?" nikasema.

"Siku hiyohiyo. Hujamaliza hata nusu siku tangu upotee." Alikuwa amesimama kama mtu aliye mbele ya mkubwa wake. "Alikuja mpaka kaunta. 'Ba kapokola,' ananiambia, yaani polisi kwa lugha yao, nina mwana wenu. Nina miezi miwili tu hapa. Nikaangalia kitabu, mchana baba yako alikuandikisha mtoto wa Simwinga, jina halifanani. Sikumuuliza umri. Sikumuuliza mtoto kavaa nini. Nikamwambia nenda kaulize upande wenu. Siku ya tatu wakaja ndugu wawili wanagombea shamba, kaka Simbeye, dada Nambeye. Nikawauliza, nyie baba mmoja, mbona majina mbalimbali? Wakanicheka. Wakanieleza. Ndipo nikatoka."

"Bila kofia."

"Kofia niliisahau kwa hofu, Namwinga. Baba yako akanishika miguu mbele ya watu, akalia, nikashindwa kusema. Nikajiambia nitasema kesho. Halafu mama yako akarudi kutoka Ndalambo vile alivyorudi. Baada ya hapo ningesemaje? Kila kuku aliyekuja alizidi kunifunga mdomo."

Sitadanganya, nilimchukia. Nilimchukia kwa viatu vyake, kwa "Namwinga" zake zote nilizozipenda. Mama yangu alitembea ile njia asubuhi ya siku ya pili, wakati jibu lilikuwa limeshafika kaunta jana yake saa kumi na likafukuzwa. Nilizima mashine. Nikamwambia, "Ondoka, Sajenti." Aliliacha daftari, akatoka, akafika kona na kukata kushoto kuelekea machinjioni. Nilimwangalia. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe kwa hasira.

"Kulia!" nikapiga kelele. "Kulia, Sajenti!"

Akageuka, akainamisha kichwa, akakata kulia.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Halafu nikamwambia mama. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, hakuacha kuchambua mpaka nilipofika kwenye saa kumi.

"Saa kumi? Siku ileile?"

"Ileile, mama."

"Saa kumi mimi nilikuwa bado sokoni nakuita." Akaweka ungo chini. Aliutazama ule mkono wake wa kulia, akaufunga, akaufungua. "Kumbe haukuwa huu peke yake."

Akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata msibani kwa baba alituongoza nyimbo. Nilikaa karibu naye nikamshika mabega, na nilijiona mdogo tena, wa miaka sita. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya kitenge.

"Alikwambia mwenyewe? Hakuna aliyemlazimisha?"

"Mwenyewe."

"Na kuku wote wale. Mimi nikadhani ni dini." Akafikiri. "Kamata yule jogoo mwekundu. Mpeleke kwa jirani Muislamu amchinje, Sajenti asije akapata pa kujificha. Nitampika mimi."

Tulikwenda siku ya pili yake mchana, mama na sufuria kichwani, mimi na daftari. Sajenti alifungua mlango, akamwona mama, akasimama wima, mikono imebana mapajani. Mama hakumsalimia. Aliingia, akaketi, akaweka sufuria miguuni.

"Sajenti, nimekuja kutoa taarifa."

"Taarifa gani, mama?"

"Ya mtoto. Mwanangu ananiambia kitabuni kwako hapajajazwa. Andika."

Nikampa daftari. Alitafuta miwani, akatafuta kalamu, akafungua ukurasa ule.

"Gauni la njano," mama akasema, "mfuko wa kushoto umechanika. Kandambili, moja nyekundu, moja ya bluu, kwa sababu moja yake ilikatika, akavaa ya kaka yake. Shanga nyeupe kiunoni, bibi yake alimvisha."

Aliandika yote. Mama alingoja mpaka kalamu ikasimama.

"Na yule wa Ndalambo hakuvaa kitu. Tulimfunga kwa kitenge changu cha maua ya zambarau."

Sajenti alimwangalia. Kisha akainama, akaandika hilo nalo, polepole, akitamka kila herufi kwa midomo bila sauti. Mama akafunua sufuria, akamwekea paja na shingo kwenye sahani pamoja na ugali, akamsogezea.

"Sasa kula," akasema.

Akanawa. Akala, machozi yanamshuka mpaka kwenye ndevu, wala hakuyafuta kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa na mchuzi. Mama hakumwondolea macho mpaka mfupa wa paja ukabaki mweupe, na alipoona umebaki mweupe akamwongezea.